Mposaji wa Ngezi

Bi Kulthum hakwenda Ngezi kutazama kima. Alikwenda kumtazama mtu, na kima walikuwa kisingizio.

Mtu mwenyewe ni Hamdan, kijana wa Konde anayetembeza wageni katika msitu wa hifadhi. Watu wake walikuwa wamekuja Wingwi kumposa Ruweida. Walikuja kwa adabu, wakakaa, wakasema lao, wakajibiwa kama anavyojibiwa kila mposaji: subirini, tutauliza. Na katika ukoo ule, anayeuliza ni shangazi. Wanaume wakiuliza huuliza msikitini, na msikitini nani atamtaja mwenzake kwa ubaya? Shangazi huuliza dukani, kisimani, na kwa jirani aliyewahi kugombana na mposaji. Akirudi na neno "ndiyo", ndoa ipo. Akirudi na "hapana", hata baba hana la kusema.

Ruweida alifiwa na mama yake akiwa bado anatambaa. Bi Kulthum, dada wa baba yake, ndiye aliyemchukua mgongoni, akamlea kwa muhogo wa shamba lake la Wingwi na kwa ukali wake mwenyewe. Sasa jibu lilikuwa likingojwa Ijumaa baada ya sala, na hii ilikuwa Alhamisi, na Bi Kulthum hakuwa na jibu.

Lililomtia shaka ni kwamba kila mtu alimsifu Hamdan. Mwenye duka alimsifu. Imamu alimsifu. Hata jirani aliyegombana naye juu ya mbuzi alisema, "Mbuzi alikuwa wangu kwa haki, lakini kijana ni mzuri." Bi Kulthum alirudi nyumbani siku ile hana raha. Kijana asiye na doa hata moja! Hata sahani mpya ukiigeuza utaikuta na alama ya kiwanda.

Doa akalipata kwa Mgeni, mama anayekaanga bajia sokoni Konde. Mgeni alimsifu Hamdan kama wengine, kisha akainama juu ya karai lake akasema kwa sauti ndogo, "Basi tu, hiyo Jumapili yake."

"Jumapili ana nini?"

"Si huenda kusasa na kina baba yake? Wenzake wakiwa bado wanakusanya mbwa, yeye keshatangulia. Peke yake. Anakwenda wapi, mimi sijui. Nisamehe, mafuta yanaungua."

Mafuta hayakuwa yakiungua. Bi Kulthum aliyaona.

Wasasi aliwajua vizuri. Ni wanaume wanaokwenda kila Jumapili na mbwa na mikuki, wakiongozwa na baragumu, kuwasaka tumbili wanaomaliza mashamba ya watu, na Mzee Msellem, baba yake Hamdan, ndiye mkubwa wao upande ule wa kaskazini. Kazi ya heshima. Lakini kijana anayetangulia peke yake ukingoni mwa msitu, alfajiri, anatangulia kufuata nini? Bi Kulthum aliligeuza swali usiku kucha akapata majibu mawili. Ama ana mwanamke huko, ama ana mzimu anaoupelekea chakula. Katika mawili hayo hakujua lipi baya zaidi. Mwanamke angalau huonekana.

Ndipo alipovaa buibui lake la harusini, akaazima mkoba kwa jirani, akateremka Konde na kupakiwa kwenye bodaboda mpaka lango la hifadhi. Hakuwahi kuonana na Hamdan, kwani siku ya posa mposaji hakuja, walikuja watu wake. Akajipa jina la Bi Safaa, mtu wa mjini Chake.

"Nimesikia mna kima wekundu," alisema, akisimama wima kama mtu aliyezoea kutembea kwa starehe zake.

Kijana aliyempokea, aliyejitaja Hamdan, alikuwa mrefu, amevaa mabuti ya mpira, na meno yake yalikuwa mazuri kupita kiasi. "Shikamoo, bi. Tunao. Umekuja peke yako?"

"Marahaba. Kwani wanauma?"

"Hawaumi. Lakini wageni wa Chake huja kwa makundi, na huja na watoto na pilau."

"Mimi nimekuja na macho yangu."

Hamdan akacheka. Akachukua panga dogo na mfuko wa begani, na kabla hawajaingia akatoa dafu lililokwisha chongwa, akalitoboa, akalishika kwa mikono miwili kumpa. Jua lilikuwa limepanda. Jasho lilikuwa likimtiririka Bi Kulthum ndani ya buibui mpaka kwenye visigino.

Akalitazama lile dafu.

Kwao, posa ikiwa haijajibiwa, mtu wa upande wa binti hali wala hanywi mkononi mwa mposaji. Hata maji. Anayekunywa keshakubali, na hakuna mkutano wa wazee utakaomsikiliza akisema baadaye kwamba alikuwa na kiu tu. Bi Kulthum alifikiri kusema kwamba amefunga, maana ni Alhamisi na watu wa sunna hufunga. Akamwogopa Mungu.

"Sina kiu," alisema, na tone la jasho likadondoka kutoka kidevuni mwake mbele ya macho yao wawili.

Hamdan alimtazama kitambo. Kisha akaziba tundu la dafu kwa jani, akalirudisha katika mfuko bila kulinywa yeye.

Wakaingia msituni.

Ndani mlikuwa na giza la kijani na harufu ya majani yaliyooza. Mivule ilikwenda juu mpaka shingo inauma, na chini michikichi na miwale ilishikana kama watu wanaonong'onezana. Bi Kulthum hakupoteza wakati.

"Una mke?"

"Bado, bi. Nimeposa."

"Wapi?"

"Wingwi."

"Watu wa huko vipi?"

"Wazuri. Wanauliza sana."

"Anayeuliza ana sababu."

"Ndivyo ninavyoona na mimi, bi."

Alilisema bila kugeuka, na Bi Kulthum hakuuona uso wake. Hilo halikumpendeza. Mtu akikujibu vizuri huku amekupa kisogo, hujui jibu limetoka upande gani.

Mbele kidogo aliona kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mti. Vitambaa vya namna hiyo hufungwa mizimuni. Akaanza kusoma aya chini ya pumzi.

"Na hiki?"

"Alama. Ule mti wa juu umeoza, unaweza kuanguka. Tunapita upande huu."

Bi Kulthum aliangalia juu. Mti aliuona mzima kabisa, lakini yeye hakuwa fundi wa miti. Akapita upande ule, na aya hakuacha kuisoma.

Halafu simu ya Hamdan ikalia. Akaitoa, akatazama jina, na Bi Kulthum aliyekuwa nyuma yake hatua moja aliona uso wa upande mmoja ukilainika, mara moja tu, kisha ukafungwa. Akaizima sauti, akairudisha mfukoni.

"Mbona hupokei?"

"Nikiwa na mgeni sipokei."

"Labda ni jambo la haraka."

"Huyu atapiga tena, bi. Hachoki."

Hachoki! Bi Kulthum aliliweka neno hilo mahali pake. Sasa alikuwa na mwanamke, na kitambaa chekundu, na Jumapili. Alianza kuona Ijumaa itakavyokuwa: kaka yake, Seif, baba wa binti, ameketi barazani, na yeye anasema neno moja tu, na Ruweida chumbani anasikia. Mtoto yule alikuwa hajawahi kumwomba kitu. Jana usiku alikuwa amemwandalia maji ya kuoga akasema, "Shangazi, uulize unavyotaka. Lakini usiulize ili upate la kukataa." Maneno gani hayo ya kumwambia mtu mzima?

"Simama hapo, bi. Tazama juu ya mkono wangu."

Mwanzo hakuona kitu. Kisha jani moja likawa mkia, na mkia ukawa kima. Wakawa wengi. Migongo yao ilikuwa myekundu kama matofali, vifua vyeupe, na nywele za kichwani zimetimka kila upande kama mtu aliyeamshwa kwa kugongewa mlango. Mmoja, jike, alikuwa amekaa kwenye tawi kama mwanamke aliyekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mtoto kwapani, akichuma majani machanga na kuyatafuna polepole huku akimkodolea Bi Kulthum macho.

"Ndio kima punju hawa," Hamdan alinong'ona. "Tazama mkono wake. Kidole gumba hana, ni kama kimekatwa. Wazee wao waliletwa kutoka Unguja, siku za nyuma. Si wa kwetu."

"Waliletwa? Na waliulizwa kwanza kama wanapataka?"

"Hao ndio hawakuulizwa, bi."

Yule jike alimtazama Bi Kulthum kwa muda mrefu. Naye Bi Kulthum akajikuta amemtazama vivyo hivyo, shangazi kwa shangazi, kila mmoja akimtilia mwenzake shaka. Akasahau Hamdan. Alikumbuka tu alipomsikia akipumua karibu yake, naye akitazama juu, mdomo wazi kidogo, kama hajawahi kuwaona. Mtu anayewaona kila siku! Bi Kulthum akajiuliza kama ule mdomo wazi nao ni sehemu ya kazi.

Wakatoka kwa njia nyingine, iliyofuata ukingo wa msitu. Upande wa kushoto miti, upande wa kulia mashamba ya watu, muhogo na ndizi, na katikati kijia cha mchanga. Pale kijiani palikuwa na kundi la tumbili chini kabisa, wazazi na watoto, wanapekua kokwa za maembe. Bi Kulthum aliwaona na damu ikamchemka. Hawa hakuhitaji kuoneshwa. Hawa aliwajua mmoja mmoja, kwa nyuso zao nyeusi na adabu zao mbovu. Wenzao walikuwa wamemng'olea muhogo msimu huu mpaka akauza kuku. Na kila Jumapili wasasi walikuja Wingwi, wakazunguka shamba, wakaingia na mbwa, wakakuta maganda. Tumbili wameshaondoka. Msimu mzima, maganda tu.

Mbwa akabweka.

Alikuwa upande wa mashamba, karibu sana, mbwa wa mtu, amekata kamba. Wakamwona akitokea kwenye muhogo mbio, masikio nyuma. Tumbili walishtuka wakatawanyika ovyo, wengine wakielekea kwake badala ya kumkimbia, na mtoto mmoja akabaki katikati ya kijia akilia.

Hamdan alidondosha panga. Akakusanya viganja mdomoni akapiga mlio kama wa baragumu: mmoja mrefu, miwili mifupi, mmoja mrefu.

Kundi zima likageuka. Kama watu wa safu moja waliosikia takbiri, wote wakageukia msituni, na jike mmoja akarudi akamkwapua yule mtoto akiwa mbioni. Mara moja kijia kikabaki kitupu. Mbwa alifika, akazunguka, akanusa kokwa, akaona haya, akaondoka.

Bi Kulthum alikuwa amesimama mkono kifuani. Mlio ule alikuwa ameusikia. Alikuwa ameusikia shambani kwake, alfajiri za Jumapili, akiwa na fimbo yake anangojea wasasi wafunge njia. Ulilia daima upande wa msitu. Yeye na majirani walidhani ni wasasi wanaitana. Walikuwa wakifurahi wakiusikia! Wakiambiana, "Haya, hao wanakuja."

"Ni wewe," alisema.

Hamdan aliinama kuokota panga lake.

"Baragumu la baba yako unalipiga wewe. Unatangulia, unalipiga kabla watu hawajafunga njia. Umewafundisha! Wewe ndiye uliyewafundisha kuondoka!"

"Sikuwafundisha. Walijifunza wenyewe kwamba mlio ule ukilia mbwa wanafuata. Mimi nikaanza kuupiga mapema, basi."

"Muhogo wangu!" Sauti ya mtu wa Chake ilikuwa imekwisha zamani, hii ilikuwa Wingwi tupu. "Msimu mzima! Wanatoka shambani kwangu matumbo yamejaa, wewe unawapigia tarumbeta ya kuwasindikiza!"

"Najua, shangazi."

Bi Kulthum alimgeukia.

"Umeniitaje?"

"Shangazi. Nilijua tangu langoni. Mgeni gani wa Chake anakataa dafu katika jua lile, huku analitazama kama amepotezana nalo? Anayekataa hivyo ni mtu wa posa. Nikasema, basi, huyu ndiye."

"Ukaninyamazia."

"Ulikuja kutazama, nikakuacha utazame."

Bi Kulthum alikaa kwenye gogo. Alikuwa amekuja kumtazama mtu kwa siri, kumbe siku nzima yeye ndiye aliyekuwa akitazamwa. Akawaza upesi, kama anavyowaza mwanamke aliyewahi kupigwa chenga sokoni. Kijana alijua yeye ni nani. Alijua ametoka Wingwi, na kwamba mlio ule masikio ya Wingwi yanaujua. Alijua kwamba neno moja kutoka kwake linaivunja posa, na la pili, likifika kwa Mzee Msellem, linamtoa katika nyumba ya baba yake. Na bado akapiga.

Ama ni mjinga, ama ni mtu wa kweli. Au ni mjanja kuliko wote aliowahi kuwaona.

"Ulipiga makusudi nikuone?" aliuliza. "Nilie machozi, niseme kijana ana huruma?"

"Shangazi, ningetaka kukupendeza ningewaacha wakamatwe. Wewe ndiye mwenye muhogo."

Hilo lilikuwa jibu zuri. Bi Kulthum hakulipenda kwa sababu lilikuwa zuri.

"Kwa nini usiache usasi, ukamwambia baba yako waziwazi?"

Hamdan alikaa chini, mbali naye kidogo, kwa heshima. "Nikiacha, baragumu atapewa Pandu, msasi mwenzangu. Pandu analipiga kwa wakati, njia zikiwa zimekwisha fungwa." Akavunja kijiti. "Jumamosi nawaonesha wageni tumbili haohao, namwambia mtu, yule pale ana mimba, yule pale kilema cha mkia. Jumapili nimkute yule wa mimba amening'inizwa kwenye mti? Nilimwona mmoja hivyo. Nikashindwa kula. Baba aliniambia ni homa."

"Kwa hiyo unamdanganya baba yako kila wiki, unamwangalia machoni."

"Ndiyo."

"Mke naye utamdanganya vivyo hivyo."

Kijana alikitupa kijiti. "Hilo usiniulize mimi," alisema. "Nikikuambia simdanganyi, utasema ndivyo anavyosema mwongo. Muulize yeye."

Bi Kulthum akatoa simu kutoka mkoba wa kuazima, akampigia Ruweida papo hapo, macho yamekazwa kwa Hamdan asije akafanya ishara, ingawa ishara ya kumfanyia mtu aliyeko Wingwi hakujua ingekuwaje.

"Shangazi? Umefika? Yuko vipi?"

"Ruweida. Muhogo wetu unaoliwa. Baragumu la Jumapili. Unajua nini?"

Jogoo aliwika upande wa pili.

"Amekuambia?" Ruweida aliuliza polepole.

"Nimeuliza mimi. Unajua nini?"

"Yote. Aliniambia kabla hajatuma watu wake. Alisema, nikupose kwenu huku nawatia hasara, na wewe usijue, haitakuwa halali. Akasema nikikataa ataelewa."

"Na wewe ulinitazama nikiuza kuku!"

"Shangazi..."

"Ulinishika mkono nikilia!"

"Nilitaka kukuambia. Ungekwenda kwa Mzee Msellem siku ileile, wallahi ungekwenda kwa miguu."

Ni kweli, angekwenda. Bi Kulthum alisikia hasira ikimpanda, na chini yake kitu kingine kilichomuuma zaidi ya hasira: mtoto aliyemfundisha kuomba maji alikuwa amejifunza kunyamaza mbele yake. Akashuku jambo jingine.

"Simu iliyomlilia Hamdan msituni ulimpigia wewe?"

"Ndiyo."

"Ulitaka kumwambia kwamba ninakuja?"

Jogoo aliwika tena.

"Hakupokea," alisema Ruweida.

Kwa hiyo alitaka. Bi Kulthum alikata simu. Akaketi kwenye gogo lile akiyapima yote upya, neno kwa neno, akitafuta pale palipofumwa. Labda Ruweida alimpigia pia jana. Labda dafu, kisogo, mdomo wazi, vyote vilipangwa na watoto wawili wanaotaka kuoana. Kila alichokishika kiliweza kupangwa. Lakini mbwa? Yule mbwa hakuambiwa na mtu. Alikuja mwenyewe, na kijana hakupata nafasi ya kuchagua uso wa kuvaa. Bi Kulthum alikuwa amemwona wakati ule, kabla ya mlio. Kijana alikuwa ameogopa. Si kwa ajili yake mwenyewe.

Akampigia kaka yake.

"Vipi?" Seif alisema. "Umemwona? Ana doa?"

"Analo."

Hamdan aliinamisha kichwa.

"La namna gani? Kubwa?"

"La shambani kwangu tu, nitalibeba mimi." Bi Kulthum alisimama, akakung'uta buibui la harusini. "Ijumaa uwajibu ndiyo. Usiniulize zaidi, kaka, jambo lenyewe ni la wanawake." Akamsikia Seif akivuta pumzi ya kuuliza, akamkatia na yeye.

"Shangazi," Hamdan alianza.

"Usinishukuru. Mimi sijakuamini. Nimempa Ruweida aliyemtaka, hilo ni jambo jingine." Akamnyooshea kidole. "Kwa baba yako sitasema, lakini utasema wewe, siku utakapopata ulimi, na upate upesi. Na kuanzia wiki ijayo, asubuhi zako zisizo na wageni, utakuja Wingwi na kamba na miiba, unijengee ua kuzunguka ule muhogo. Wa juu. Wa nguvu. Usije na meno yako hayo tu."

"Nitakuja."

"Nitaona."

Akatangulia kijiani kuelekea langoni, upesi kuliko umri wake. Kila baada ya hatua chache aligeuka ghafla kutazama nyuma, kuona kama kijana yule anatabasamu.